Mdogo wangu, usiwapeleke watoto Januari

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu ulinijibu neno ambalo limenikosesha usingizi. Nilikuwa nikikueleza habari za baridi ya Vermont, jimbo la Marekani unakohamia kwa kazi, ukanikatiza: "Dada, tumezaliwa Molo. Baridi tunaijua." Leo nimeamka alfajiri hapa Nakuru nikaona heri nikuandikie. Na kwa kuwa si wewe peke yako unayefunga mizigo, nilikuomba barua hii isomwe na wengine pia, ukakubali. Ahsante.

Ni kweli, Molo iko juu, takriban mita 2,500, na sote tunakumbuka asubuhi zile sakitu ilipochoma viazi vya Mama, majani yakawa meusi kama yamepitiwa na moto. Lakini sakitu ile iliondoka jua lilipopanda. Hata mwaka 2008, mvua ya mawe ilipofunika mlima mzima karibu na Nyahururu na watu wakadhani ni theluji, haikuwa kitu cha kukaa. Baridi yetu ni mgeni wa asubuhi. Kule unakokwenda, baridi ndiyo mwenye nyumba. Huingia Novemba, mwaka mwingine Oktoba, na theluji ya mwisho niliiona ikiyeyuka nyuma ya kibanda cha kuni Aprili ikikaribia kwisha. Katika wilaya ya Essex, mwendo mfupi tu kutoka tulipokuwa tukiishi, kuna kijiji kiitwacho Bloomfield ambako kipimo kiliwahi kushuka hadi nyuzi 45 chini ya sifuri, Desemba 1933. Sisi hatukufikia huko, lakini usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri nimeulala.

Sikuandikii kukuzuia. Niliishi milimani kule miaka sita, wapwa zako walijifunza kusoma kule, na nilipapenda. Ninakuomba jambo moja tu. Kama kazi inataka uanze Januari, nenda wewe. Wifi yangu na watoto wabaki hapa wamalize muhula wa pili, wakufuate Agosti. Umeniambia mwenyewe kwamba karatasi zao zinaweza kusubiri. Basi zisubiri.

Sisi hatukupata mtu wa kutuambia hivyo. Tulifika tarehe 9 Januari, usiku, watu wanne na masanduku sita, tukapewa funguo za nyumba ya mbao kando ya barabara ya vumbi ambayo vumbi lake hatukuliona hadi Mei. Siku ya tatu niliamka kuchemsha uji, nikafungua mfereji, hakikutoka kitu. Nikafungua wa bafuni, kimya. Maji yalikuwa yameganda ndani ya paipu, na maji yakiganda hutanuka, ndiyo maana paipu hupasuka, kisha joto likirudi nyumba hufurika. Mwenye nyumba hakushika simu. Shemeji yako alitaka kuwasha karatasi azipitishe chini ya sinki, nikamshika mkono, kwa sababu nyumba yote ilikuwa ya mbao. Ilinibidi nivae koti juu ya kanga, nitembee mita kama mia tatu hadi kwa jirani ambaye sikumjua hata jina, nibishe hodi kwa mtu ambaye hajawahi kubishiwa hodi saa moja asubuhi. Yule mzee alikuja na mashine ya kukaushia nywele. Alipiga magoti mbele ya kabati la sinki, akafungua mfereji kwanza, kisha akapuliza joto kuanzia upande wa mfereji akirudi nyuma polepole. Ilichukua saa nzima. Tone la kwanza lilipoanguka, binti yangu alipiga makofi.

Kabla hajaondoka alitufundisha: usiku wa baridi kali, acha milango ya kabati la sinki wazi ili joto la nyumba lifikie paipu, na acha mfereji udondoshe maji kidogo kidogo usiku kucha. Ni maneno mawili tu. Ungeyasikia Septemba ukinywa chai barazani kwake, na hakuna ambacho kingeganda. Na hapo ndipo penye hoja yangu yote, mdogo wangu. Kule, mambo yote ya kukuweka hai wakati wa baridi hufanywa wakati wa joto. Ukifika Januari, umefika darasani siku ya mtihani.

Chukua kuni. Nyumba nyingi vijijini hupashwa joto kwa mafuta au gesi, na nyingi zina jiko la kuni pia, la chuma, lenye chimni. Kuni huuzwa kwa rundo lenye urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4. Sisi tulichoma marundo matano kwa msimu mmoja. Lakini kuni mbichi hazifai: hutoa moshi mzito, na masizi yake yenye lami huganda ndani ya chimni hadi siku moja chimni yenyewe ishike moto. Kwa hiyo watu hupasua mapema, wakazipanga juani na kwenye upepo miezi mingi. Utazitafuta kavu Januari kwa nani? Za kuuza zimekwisha, na za jirani amejihesabia. Mwaka wetu wa pili, Agosti, tulipanga zetu. Kila aliyepita barabarani alisimamisha gari, akatusaidia kidogo au akatukosoa tulivyopanga, na kabla ya jua kutua nilikuwa nimewajua majirani saba. Januari ile ya kwanza nilimjua mmoja, tena kwa sababu ya paipu.

Unajua nyumbani kwetu ukikosa chumvi unamtuma mtoto kwa jirani. Ukiona moshi hautoki kwa mama fulani, unakwenda kuuliza kama anaumwa. Kule watu ni wema sana, lakini wakati wa theluji kila mtu yuko ndani, na hakuna anayeingia kwa mwenzake bila kupiga simu. Gari likiteleza mtaroni, wa kwanza kupita atasimama na kukuvuta. Usipoteleza, unaweza kukaa wiki sita bila mtu kukuuliza habari. Mimi nilikaa. Agosti ndipo watu wako nje: kuna maonyesho ya kilimo kule Lyndonville, ng'ombe na mashindano ya kuvuta mizigo, ukiyaona utayakumbuka ya hapa Nakuru. Na shule hufunguliwa Agosti hiyo hiyo ikielekea mwisho, kwa hiyo watoto wako wataanza siku moja na wenzao. Wangu waliingia katikati ya mwaka, wenzao wakiwa wameshachagua marafiki. Mkubwa alikula chakula cha mchana peke yake hadi Machi. Hili aliniambia baada ya miaka miwili.

Sasa nikwambie la wifi, na naomba umsomee sehemu hii kwa sauti. Tumezoea jua linalochomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kutua saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, kama limeajiriwa. Kule, Desemba ikifika tarehe 21, mchana mzima hauna zaidi ya muda wa saa tisa za mwanga. Jua huchomoza saa moja na dakika ishirini hivi, na saa kumi na robo jioni limekwisha kuzama. Watoto hupanda basi la shule gizagiza na hurudi likiingia giza. Mtu anayekwenda kazini hulivumilia. Anayebaki nyumbani na kuta, giza lile humwingia. Nilikuwa nalala mchana, silii wala sicheki, chai inapoa mkononi. Daktari alinipima damu akakuta vitamini D iko chini kabisa. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini hiyo, na jua la kule miezi ya baridi haliitengenezi, hata ukisimama nje uso wazi. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nitoke nje kila mchana, theluji iwepo isiwepo. Nilipata nafuu. Lakini wifi asingoje mpaka aumwe: amwone daktari mapema, na wote mpimwe.

Na ajifunze kuendesha gari. Aanze wiki hii, hapa hapa Nakuru, hata kama mkono wa barabara ni tofauti. Kijijini kule hakuna matatu, hakuna boda, hakuna cha kusimamisha kwa mkono. Mke asiyeendesha gari katika milima ile ni kama amefungiwa, hata mume awe mwema namna gani. Akifika Agosti atakuwa na miezi miwili au mitatu ya kuzoea barabara kavu kabla haijawa kioo. Na tairi za baridi si anasa. Nunua nne, usinunue mbili.

La gari lina jingine ambalo bado linanitetemesha. Februari ile ya kwanza, theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi shemeji yako alifagia vioo, akawasha injini, tukawafunga watoto ndani wapate joto huku yeye akichimba magurudumu kwa beleshi. Pikapu moja yenye bamba la kusukuma theluji ilikuwa ikipita, ikasimama ghafla. Dereva hakusalimu. Alifungua mlango wa nyuma, akamtoa mtoto mmoja, kisha wa pili, akawaweka juu ya theluji, halafu akazima gari letu kwa mkono wake mwenyewe. Nilidhani ni mwendawazimu. Akanionyesha nyuma: paipu ya moshi ilikuwa imezikwa kabisa kwenye theluji. Moshi ulikosa njia, ulikuwa ukirudi ndani ya gari. Mdogo alisema kichwa kinamuuma.

Wewe unaijua gesi ile, kaboni monoksaidi. Ni ile ile ya jiko la makaa linaloingizwa chumbani Molo usiku wa baridi, watu wakalala na wasiamke. Haina harufu. Basi kabla ya kuwasha gari, chimba nyuma kwanza. Zunguka pia nyumba uone kama matundu ya kutolea moshi wa hita hayajafunikwa. Na nunua king'ora cha kaboni monoksaidi, ukitundike karibu na vyumba vya kulala, kabla hujanunua televisheni.

Nguo utauliza, nazo si ngumu. Jinzi na fulana za pamba hazifai zikilowa, sufu inafaa hata ikiwa na unyevu. Vaa nyepesi nyingi badala ya moja nzito. Watoto wasifungwe mkanda wa kiti cha gari wakiwa na makoti manene, kwa sababu koti hubonyea ajali ikitokea na mkanda unabaki umelegea. Wavue, ufunge mkanda vizuri, kisha uwafunike koti kwa mbele kama blanketi.

Nisikuachie hofu peke yake. Kuna asubuhi theluji ni kavu kiasi kwamba inalia chini ya buti kama unga wa mahindi ukiubana mkononi, na hakuna sauti nyingine bonde zima. Kuna Jumanne ya kwanza ya Machi, wanakijiji hukutana ukumbini kama baraza, wakajadili bajeti ya barabara na kunyoosha mikono, kisha wakala pamoja. Mimi sikuwa na kura, lakini niliketi nyuma kila mwaka. Kuna wiki zile usiku ukiwa chini ya sifuri na mchana juu yake, maji matamu ya miti iitwayo mepo (maple) huanza kupanda na watu huyakinga. Huchemshwa kwa kuni siku nzima, lita 40 zikakupa lita moja ya sharubati. Yule mzee wa paipu alikuwa akituita tukakae kwenye mvuke ule, watoto wakirudi wananukia sukari na moshi. Baada ya hapo huja matope, maana barabara huyeyuka juu ilhali chini bado jiwe, maji hayana pa kwenda. Hapo kweli Molo itakusaidia.

Najua miezi saba mbali na watoto ni mingi. Najua pia unaogopa kwamba ukitangulia peke yako watu watasema umemtelekeza mke. Waache waseme kwangu, nitawajibu mimi. Wewe tumia miezi hiyo kutafuta nyumba ambayo umeiona ikiwa na theluji juu yake, umwulize mwenyewe paipu zinapita wapi, na uagize kuni zikauke.

Jumapili njoo na wifi kwa Mama. Buti za wapwa zako niliziweka kwenye gunia la dari, na mbili nadhani zitawatosha wakubwa. Nitaleta pia kibao cha kukwangulia kioo cha gari, kwa sababu shemeji yako mwezi mzima wa kwanza alikuwa akikwangua kwa kadi ya benki mpaka ikavunjika. Na ukishafika kule, saa nne usiku yako ya Januari huku ni saa kumi na mbili asubuhi. Niko macho saa hiyo. Piga.

Dada yako