Shukrani kwa fundi umeme wa Ruaha Mbuyuni

Kaka yangu, jina hukunipa, lakini mwenyewe utajijua: wewe uliyetukuta tumeegesha karibu na wauza vitunguu, taa ya betri inawaka kwenye dashibodi ya gari, giza linaingia, mama yuko kiti cha nyuma na mlima Kitonga bado uko mbele yetu.

Wengine walishasema altaneta, ile mashine inayochaji betri, imekufa, ninunue nyingine. Wewe ulianza na mita: injini inanguruma, betri inasoma volti 11.8 tu, yaani haichajiwi. Ukaifungua altaneta, ukanionyesha brashi za kaboni zilivyolika hadi kubaki kama punje za mahindi, hazigusi tena pete za shaba za rota, ile sehemu inayozunguka ndani. Ukazisafisha pete, ukafunga brashi mpya na kuzichomea kwa risasi huku nakumulikia kwa simu. Mita ikapanda hadi volti 14.2, betri inachajiwa tena.

Ungeweza kuniuzia altaneta nzima na ningelipa. Ulichukua hela ya brashi na ya ufundi, basi, ya ziada ukaikataa kabisa.

Kitonga tuliipanda taa zikiwaka vizuri. Mama anakusalimu sana, anakuombea wewe na wanao. Ahsante sana, kaka.