Barua kwa mwanangu: sinia lako la Idi

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku Mombasa sote hatujambo, na babako anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia kwamba Idi hii wageni watakuja kwako huko Nairobi, majirani na wenzako wa kazini, Waislamu na wasio Waislamu. Picha za masinia ulizonitumia, ukiniuliza lako ulipange vipi lionekane la Idi, nimezitazama moja moja. Mengine yanapendeza kweli. Lakini sikuona hata moja ambalo mtu akilitupia jicho atajua ni Idi ya watu gani. Jibini, zabibu, biskuti za dukani, kisha hilali ya karatasi ya dhahabu imechomekwa katikati. Ukiing'oa ile karatasi, sinia linaweza kuwa la harusi au la kumuaga mtu kazini.

Mimi nakushauri hiyo sura ya Idi unayoitafuta itoke kwenye vyakula vyenyewe. Chagua kitu kimoja kiwe mwenye sinia, vingine vyote vije kwa ajili yake. Kwetu sisi ni halua na kahawa. Tangu Lamu mpaka Unguja na Pemba, hata Oman kule, mgeni wa Idi hukaribishwa kwa halua na kikombe kidogo cha kahawa chungu. Halua ni nzito na tamu: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na kungumanga, ikakorogwa muda wa saa mbili na zaidi, mkono haupumziki. Kahawa haitiwi sukari, inatiwa tangawizi na iliki. Ukionja hiki unakitaka kile. Sasa ukishaviweka hivyo viwili, sinia litakuongoza lenyewe. Utamu tayari upo wa kutosha, kwa hiyo vingi katika vinavyobaki viwe vya chumvi, vya ndimu, vya pilipili, vikavu vya kutafuna.

Halafu kuna mwezi, mamangu. Wenye sherehe nyingine wanaijua tarehe yao mapema. Wewe hutajua mpaka magharibi ya ishirini na tisa Ramadhani. Mwezi ukiandama, asubuhi yake watu wako mlangoni. Usipoandama, una siku moja zaidi. Ndiyo maana vyakula vyetu vya Idi viko vya aina mbili, na sinia lako ulipange kwa hesabu hiyo. Visheti, vileja na kashata vinakaa siku nyingi kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, basi vipike katika kumi la mwisho la Ramadhani. Sambusa zikunje mapema uzitie zikiwa mbichi kwenye friza, na ukizikaanga usingoje barafu iyeyuke, manda zitakuvunjikia. Katlesi vilevile: ziviringishe, ziweke kwenye friza, yai na chenga za mkate utie siku ya kukaanga. Kaimati hazina ujanja. Ni za asubuhi ileile, baada ya swala.

Visheti nataka uvipike kwa mkono wako, kwa sababu ndivyo watu watakavyoviulizia. Unga wa ngano vikombe viwili, samli vijiko vitatu vya chakula, chumvi kidogo sana, na maji kidogo kidogo mpaka unga ushikane bila kunata. Usugue kwanza unga na samli mpaka ukifumbata mkononi unabaki na alama ya vidole. Kisha chukua kitonge kidogo, kikandamize kwenye mgongo wa uma, ukikunje kama unavingirisha jamvi, kitoke na mistari. Mistari hiyo ndiyo inayoshika sukari. Kaanga kwa moto wa wastani, maana moto mkali unaunguza nje na kuacha ndani pabichi. Shira yake ni sukari kikombe kimoja kwa maji nusu kikombe, pamoja na iliki. Ichemke mpaka ukiigusa kwa kijiko, ukapima kati ya dole gumba na cha shahada, inavuta uzi. Hapo zima moto, mimina visheti, na ugeuze bila kuacha. Kwanza vitang'aa kama vimelowa. Usiogope, endelea kugeuza. Ghafla utaona sukari inakauka na kuwa nyeupe, na visheti vinaachana vyenyewe. Ukiacha kugeuza kabla ya hapo vitagandana donge moja.

Upangaji sasa. Tumia sinia la duara, lile la pilau, usinunue ubao. Kama wataka hilali, ifanye kwa tende: zipange ukingoni upande mmoja, nene katikati, nyembamba kwenye ncha mbili. Tende zina haki ya kuanza, maana Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akitoka kwenda kuswali Idi ya Fitri mpaka ale tende, kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawika kwa mbili. Mgeni akikuuliza kwa nini tende ndiyo hilali, utakuwa na jibu. Kwenye tumbo la hilali weka bakuli la halua na vijiko vyake. Halua usiitandaze juu ya sinia, samli yake itatambaa.

Kaimati nazo ziwe kwenye bakuli. Shira ikigusa sambusa, sambusa zimekwisha, zinalegea na hakuna atakayezichukua. Sambusa na katlesi zikae upande wa pili kabisa, karibu na vipande vya ndimu na kibakuli cha chatini ya ukwaju. Katikati ya pande mbili, mahali ambapo wengi huacha tupu au hujaza majani ya mapambo, jaza kachri za muhogo, vile vipande vyembamba vya kukaanga, zilizonyunyizwa pilipili ya unga na chumvi. Hizo ni kavu, hazimchafui jirani yake, na ndizo zitakazoisha kwanza.

Rangi ya kijani usiitafute kwa kutia rangi kwenye keki. Ndimu ni kijani, na bizari ya katlesi, tende na halua tayari ni dhahabu na kahawia. Mabuyu na achari za embe weka kwenye kisahani kingine kabisa, chini, wanakofika watoto, mbali na kitambaa chako cheupe. Ule wekundu hautoki.

Mambo mawili zaidi. Kashata za njugu na korosho usizichanganye na vingine. Ziwe kando na uwaambie watu, kwa kuwa wako wanaodhurika na karanga hata kwa chembe, na hao wenzako wa kazini huwajui wote. Na vya nyama usivitoe vyote mara moja. Toa kidogo, vingine vikae kwenye ovena yenye moto mdogo, ujaze tena. Visikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwa wageni kumi na wawili sambusa 40 zatosha, halua nusu kilo, na kahawa chupa mbili kubwa za chai. Dele, lile birika la kahawa, halitoshi, liweke kwa uzuri tu na umimine kutoka kwenye chupa.

Halua nitakununulia huku, na iliki ya Marikiti, nitazituma kwa basi la usiku mara tu kumi la mwisho likiingia. Sijajua kama watoto wa jirani yako wa juu watakuja. Nijibu upesi, niongeze kashata za nazi.

Mamako.