Salamu za Krismasi Mbili

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Bwana asifiwe. Natumaini salamu hizi zinawakuta wazima wa afya, na aliye kitandani Mungu amwinue. Kwa niaba ya familia yetu hapa Wundanyi nawatakia Krismasi njema na heri ya mwaka mpya 2026, uwe mwaka wa amani, baraka na mafanikio kwenu na vizazi vyenu. Wale ambao huzoea kupata salamu zangu kila Desemba na mwaka jana hamkuziona, niwieni radhi. Sikuwa na neno la kumwambia mtu.

Mnajua sababu. Mama alitutoka Julai 2024, wakati nchi nzima inazungumzia maandamano na sisi tunazungumzia bili. Hospitali moja ilituzungusha siku tatu kwa ajili ya salio, mwili ukiwa kwao, huku kundi la WhatsApp likihesabu michango, mia mbili, mia tano, mia mbili tena, kila anayetuma akiandika poleni. Sikuwahi kuwashukuru vizuri. Asanteni. Kila jina nalikumbuka, hata la yule aliyetuma hamsini na kuomba radhi.

Na mwaka huu nao haukuja na mkono laini. Bei ya mafuta ya kupikia sitaisema, mnayanunua nyinyi wenyewe. Karo sitaigusa, Januari iko mlangoni. Ila hii nauli ya sikukuu hunishangaza kila mwaka kama kitu kipya: gari ni lile lile, barabara ni ile ile, makanga ni yule yule, lakini ikishafika tarehe 20 kiti kinapanda bei kama ploti ya kando ya lami. Nitairudia habari ya nauli. Ina deni lake kwangu.

Leo lakini nataka kuwasimulia Krismasi yangu ya pili.

Mwenzangu, wengi mmemsikia tu, ni Mwethiopia. Tulikutana Nairobi mwaka 2019 kwenye mafunzo ya wiki mbili, akarudi kwao, na tangu hapo mapenzi yetu yakawa ya simu. Julai 2020 intaneti ilipozimwa nchini mwao nzima kwa wiki kadhaa, nilijua maana ya kupenda mtu ambaye swichi yake iko mkononi mwa serikali. Nilimjua kwa sauti, kwa kicheko, na kwa ukuta wa kijani uliokuwa nyuma ya kichwa chake kila alipopiga. Mama alikuwa akipita nyuma yangu na sufuria anasema, "Msalimie yule mtu wa ukuta wa kijani." Halafu simu ikikatika, anaongeza la pili: "Mwanangu, ukuta si kwao. Nenda ukaone moshi wa jikoni kwa mama yake, ndipo uniletee habari."

Nilikuwa nikijibu kwamba nitaenda. Siku ya mazishi mwenzangu alihudhuria kwa simu, mdogo wangu kaishika juu chini ya mwavuli, na kila alipochoka mkono mtu wa Addis Ababa aliona matope na viatu vya watu.

Basi Januari 2025 nikaenda kuona moshi. Mkenya haombwi viza kule, kwa hiyo shida ni nauli na mgongo tu. Nairobi, Isiolo, Marsabit, Moyale, usiku kucha na vumbi la mchana. Pale Moyale unavuka kwa miguu, unapanda gari upande wa pili, na barabara nayo imehama: sisi huendesha kushoto, wao kulia. Saa ya kwanza nilikuwa nikishikilia kiti kila lori lilipotujia. Basi letu halikusafiri usiku, tukalala njiani, kesho yake jioni tukaingia Addis.

Kitu kilichonipokea vizuri kuliko chote ni saa. Wageni wengine huteseka nayo, maana Waethiopia huanza kuhesabu alfajiri kama sisi. Dada wa mwenzangu aliniambia, "Kesho saa mbili asubuhi," nikafika saa mbili asubuhi, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia mwenzake. Kahawa wanaiita buna, nikakumbuka buni. Huchemshwa mara tatu kwa unga ule ule, na kikombe cha tatu kinaitwa bereka, yaani baraka. Sikuwa na lugha, lakini vipande vyake vilikuwa vimezagaa kila mahali kama vyombo vya nyumbani baada ya kuhama.

Mama yake anaitwa Emaye na wanawe, yaani mama, na siku ya pili nami nikamwita hivyo. Ni mama mfupi, mwenye msalaba mdogo shingoni, aliyezaliwa karibu na Lalibela, kule kwenye makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba. Alinisimulia kwa kinywa cha binti yake jinsi usiku wa Genna, yaani Krismasi yao, makuhani huimba wakizunguka ukingo wa mwamba juu ya kanisa la Bete Maryam, wengine wakiitikia kutoka chini uani. Lakini tangu vita vilipolipuka mwaka 2023 jimboni Amhara, iliko Lalibela, hajathubutu safari hiyo. Kwa hiyo na yeye alikuwa mgeni wa sikukuu yake mwenyewe, anahesabu Krismasi za mbali na kwao. Na bei! Julai 2024 serikali yao iliiachia birr, sarafu yao, itafute thamani yake sokoni, na kufika Januari ilikuwa imeporomoka zaidi ya nusu mbele ya dola. Emaye alinionyesha chupa ya mafuta akapiga makofi mara moja, nikajua tunazungumza lugha moja kabisa.

Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, na kabla yake wanafunga siku 43, hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai. Mkesha ule tulikuwa jikoni tukiandaa doro wat, mchuzi wa kuku unaotaka vitunguu vingi ajabu. Nikapewa kisu. Nilipoinua kichwa nikaona kalenda ya kanisa imetundikwa juu ya gunia la tefu, nafaka yao ndogo, ina picha ya Bikira Maria, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu kubwa: 2017.

Nilikuwa najua. Mwenzangu alishanieleza mara nyingi kwamba kalenda yao iko nyuma ya yetu miaka saba na ushee, na ina miezi 13, na mimi nilimtania kwamba nitakuja kwao nipunguze umri. Lakini jambo la kuambiwa na jambo la kuonekana ukutani ni mawili. 2017 mama alikuwa hai. 2017 alikuwa anateremka sokoni na ndizi zake, anarudi na mkate uliofungwa kwenye ncha ya leso. Nikasimama na kisu mkononi nikipiga hesabu za mtoto: kwa kalenda hii mama bado ana miaka saba mbele yake. Machozi yakaja. Kila mtu jikoni alidhani ni vitunguu, na kwa wingi ule wa vitunguu niliaminika. Emaye peke yake hakuamini. Alinitoa kisu mkononi taratibu, akamaliza kukata yeye.

Usiku tulipanda Entoto, kilima kilicho juu ya mji, kwenye kanisa la Maryam ambako mfalme Menelik wa Pili alivikwa taji mwaka 1889. Baridi ya kule si ya kusimuliwa. Njia ina mikaratusi pande zote, na ile harufu yake ya usiku ilinirudisha njia ya Werugha mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mtu ninayemjua. Emaye alikuwa amenifunika netela, shali yao nyeupe ya pamba, aliyoinunua soko la Shiro Meda, kanifunga mwenyewe mabegani, kaivuta kushoto, kaivuta kulia, kama mama anayemwandaa mtoto wa ubatizo.

Mlangoni tukavua viatu. Wanaume upande wao, wanawake wao. Mimi ni Mwanglikana wa kukaa kwenye benchi na kitabu cha nyimbo, ibada ikizidi saa mbili naanza kukohoa kwa makusudi. Kule walisimama usiku mzima. Waimbaji walikuwa na ngoma kubwa zilizoning'inia shingoni, njuga za chuma mkononi, fimbo ndefu za kuegemea, wakaanza polepole mno, kana kwamba wana umri wote wa dunia. Lugha ni Kige'ez, ambayo hakuna anayeizungumza nyumbani siku hizi. Nikamnong'oneza dada wa mwenzangu, "Mama anaelewa?" Akatabasamu: "Machache."

Kumbe tulikuwa sawa, mimi na Emaye, tumesimama mbele ya maneno yasiyokuwa yetu. Hilo lilinifungua kitu. Nilikuwa nimeacha kuomba tangu Julai, niseme ukweli, kwa sababu kila neno nililolijua nilikuwa nimeshalitumia wodini na halikusaidia. Pale sikudaiwa neno. Ilipofika kama saa nane usiku ngoma zikashika kasi, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikalia. Si kile kilio cha matanga, ambacho mtu analia huku jicho moja likiangalia kama chai ya wageni itatosha. Nililia mpaka magoti yakalegea. Emaye akanipa fimbo yake niegemee, akaweka mkono mgongoni, akasema, "Ayzosh."

Mwenzangu hunitumia neno hilo kwenye simu na siku zote nilidhani ni pole. Ni pole, ni jikaze, ni usiogope nipo, yote kwa pamoja.

Na yeye mwenyewe alikuwa wapi? Upande wa wanaume, simuoni. Tulipotoka saa tisa na nusu nikatafuta viatu vyangu pale nilipoviacha, havipo. Nikaona nimeibiwa kanisani, usiku wa Krismasi, baridi ile. Akaja, akafunua gabi lake, shuka zito la baridi, akavitoa kwapani. Alikuwa amevikumbatia usiku kucha visipate umande. Miaka mitano ya simu haikuwahi kunionyesha kwamba huyu ni mtu wa kupasha viatu vya mwenzake moto.

Nyumbani Emaye alikata injera, ule mkate wao laini wa tefu, akachovya, akaviringisha tonge kubwa kuliko kinywa changu, akanilisha kwa mkono wake mbele ya wote.

Sasa vijana, nyinyi mnaopendana kwa simu, nisikilizeni dada yenu. Simu ni njema, lakini picha haina harufu. Nendeni. Muone anavyomjibu mama yake akiwa na njaa. Muone anapokaa mgeni na anapokaa mtoto. Mkipenda mtu, mpendeni na njia ya kufika kwao, na mkifika kwao vueni viatu, hata kama imani yenu haina desturi hiyo, kwa maana mahali mama wa mtu aliposimama kuomba ni patakatifu. Na nyinyi wazazi, acheni kuuliza kabila kabla ya kuuliza jina. Mpaka wa Moyale uliwekwa na watu kwa kalamu, Mungu hakuitwa kushuhudia. Ruthu alikuwa mgeni, na katika uzao wake Bwana wetu akazaliwa. Tunaimba hayo kila Desemba halafu binti akileta mgeni nyumbani tunaficha vikombe vizuri! Tubuni, wapendwa. Tutubu sote. Na nyinyi ambao bado mna mama, ambao simu yake inaita na anapokea, pandeni hilo gari. Msiniambie nauli.

Msiniambie nauli, kwa sababu Desemba 2023 mimi niliangalia bei ya tikiti pale stendi Nairobi, nikaona ni mara mbili, nikampigia mama kwamba nitakuja Pasaka. Akasema haya, hakuna neno, atanihifadhia mguu wa mbuzi. Pasaka nilikuwa kazini. Nilipofika ilikuwa Juni, wodini, na hakunijua mara moja.

Basi, Krismasi njema kwenu nyote mnaosherehekea keshokutwa. Mungu azidishe mlipopungukiwa, awafute machozi waliofiwa, awarudishe salama walio safarini. Mimi mwaka huu niko hapa tangu tarehe 15, nimelipa nauli ya kawaida. Tarehe 2 nasafiri tena kaskazini, na wale mtakaonitafuta tarehe 7, Melkam Genna, yaani Krismasi njema, simu itakuwa imezimwa. Huko sasa ni 2018, mwaka ambao mama alivaa kilemba cha njano siku ya mahafali yangu.

Safari hii siendi mikono mitupu. Katika sanduku la mama tumekuta jozi ya leso mpya, jina lake *Nani kama mama*, bado haijakatwa, vipande viwili vimeshikana kama vilivyotoka dukani. Kimoja nabaki nacho, kimoja ni cha Emaye. Kesho asubuhi naipeleka kwa fundi aikate na kuipinda, kama hajafunga duka kwa sikukuu.