Mitaro ya Mji Mkongwe isafishwe kabla ya masika

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nieleze hali ya vichochoro vya Mji Mkongwe, mji ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini ambao mitaro yake imejaa chupa za plastiki na makumbi ya madafu, hata mvua za masika zikianza maji hukosa pa kupita na kuingia majumbani. Taka zinazozolewa mtaroni huachwa kandoni kwa siku kadhaa, na mvua ya kwanza huzirejesha palepale. Sijui kazi hiyo hufanywa kwa faida ya nani. Tunaomba zichukuliwe siku ileile, na kazi ikamilike kabla ya Machi.

Mkaazi wa Malindi,
Unguja