Barua ya wazi kwako uliyefunga kompyuta usiku ule

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa watu kwamba umechukua tena fomu ya kurudi chuo, na kwamba ni sayansi ya kompyuta ile ile uliyoiacha. Kwako sikusikia. Imeniuma, lakini tuliweke hilo pembeni, maana fomu ina tarehe ya mwisho na ugomvi wetu hauna.

Wanaokuambia suala ni umri waache waseme. Suala ni mlango unaoingilia. Mwenye shahada tayari, kama wewe na ya sheria, ana milango mitatu. Kuna shahada nyingine ya kwanza, miaka mitatu au minne, inayoanzia chini kabisa. Kuna uzamili wa kubadili fani, uliotengenezwa kwa waliosoma kitu kingine. Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja wenye krediti 180, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi, yaani saa 1,800 za programu, miundo ya data, hifadhidata na mitandao kwa mkupuo mmoja. Halafu kuna uzamili wa kawaida wa sayansi ya kompyuta, ambao wakati mwingine humpokea mtu wa fani nyingine kwa sharti la kusoma kwanza kozi za kuziba pengo. Huo wa pili na wa tatu hufanana majina, ndipo watu wanapopotea. Usishike jina, shika masharti ya kujiunga. Yakidai shahada ya kompyuta au fani inayokaribiana nayo, shahada yako ya sheria haitoshi peke yake. Na kama moyoni una nia ya kufika kwenye utafiti, uliza mapema, kwa maandishi, kama uzamili wa kubadili fani unakubalika kuwa msingi wa uzamivu. Mara nyingi hauna nafasi ya kompaila (programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine) wala nadharia ya ukokotozi (kipi kinaweza kukokotolewa na kipi hakiwezi).

Ukichagua tena shahada ya kwanza, usifurahie sana kozi watakazokusamehe. Mara ya kwanza ulihesabu kozi zilizosamehewa ukasema utamaliza nusu ya muda. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa, nami nilikuambia. Kozi za kompyuta zimefungwa mnyororo: programu ya kwanza, kisha miundo ya data, kisha algoriti au mifumo endeshi, kisha zile za juu zinazozitegemea. Hata wakikusamehe kila kozi ya lugha, mawasiliano na takwimu, mnyororo wa hatua nne unabaki mihula minne, kwa sababu huwezi kusoma hatua mbili zinazotegemeana kwa wakati mmoja. Na kozi inayofundishwa mara moja tu kwa mwaka, ukiifeli, inasogeza kila kilicho nyuma yake mwaka mzima. Kwa hiyo chora mnyororo huo kwenye karatasi kabla hujajaza lolote. Andika kila kozi, kozi tangulizi zake, na muhula inaofundishwa. Njia ndefu kuliko zote kwenye mchoro huo ndiyo itakayokuambia lini utamaliza.

Jambo jingine nitalisema hata kama utakasirika. Hukujiondoa rasmi. Uliacha tu kwenda. Vyuo vingi huweka tarehe ambayo kabla yake ukijaza fomu ya kujiondoa, kozi huandikwa umejiondoa. Ukiondoka kimya, huandikwa umefeli, na alama hiyo hukaa kwenye karatasi ya matokeo ambayo sasa utaombwa uiwasilishe. Usiifiche. Chuo kikigundua matokeo uliyoyanyamazia kinaweza kukufutia udahili hata ukiwa mwaka wa pili. Eleza kwa sentensi mbili kwenye barua ya maombi, kisha endelea na mengine.

Najua kwa nini uliondoka. Sijasahau, na sidhani wewe umesahau.

Ilikuwa saa saba usiku. Asaimenti ilikuwa ya orodha unganishi (vipande viitwavyo nodi, kila kimoja kikielekeza kwa kinachofuata) kwa lugha ya C, na programu yako ilikuwa inaanguka kila ukifuta nodi ya kwanza. Ulisema, "Jana ilifanya kazi." Nikakujibu haiwezekani. Nikavuta kibodi yako, nikaandika, nikaendesha, ikakubali. Nikasema, "Nyota moja tu," yaani alama ya *. Hukujibu. Ulifunga kompyuta taratibu, ukainuka.

Haikuwa nyota moja, na wewe ulikuwa umesema kweli. Ngoja nieleze kama ilivyonipasa usiku ule.

Katika C, hoja, yaani thamani inayopewa funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake), hupitishwa kwa nakala. Funksheni yako ya kufuta ilipewa nakala ya pointa ya kichwa cha orodha, yaani anwani ya mahali nodi ya kwanza ilipo kwenye kumbukumbu. Ulipofuta nodi ya katikati mambo yalikwenda sawa, kwa kuwa ulibadilisha pointa iliyo ndani ya nodi jirani, na nodi ile ni moja, ukiifikia kwa nakala au kwa kichwa halisi. Ulipofuta nodi ya kwanza, ulichobadilisha ni nakala ya kichwa. Funksheni ilipokwisha, nakala ikafa nayo. Kichwa halisi, kule kwenye funksheni kuu, kikabaki kinaelekeza kwenye kumbukumbu uliyokwisha kuiachilia. Kuanzia hapo lugha ya C haiahidi chochote. Inaweza kuchapisha takataka. Inaweza kuanguka. Inaweza pia kufanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu kumbukumbu ile haijachukuliwa bado na thamani za zamani zimo. Ndiyo jana yako hiyo. Jana ilifanya kazi kweli, na kosa lilikuwemo kweli.

Tiba nayo haikuwa kitu cha sekunde mbili. Kigezo cha funksheni, yaani kile inachopokea, kilipaswa kuwa pointa ya pointa. Ndani ya funksheni kila palipotajwa kichwa pakahitaji nyota na mabano yake. Mahali pa kuita pakahitaji alama ya anwani (&). Nilibadilisha sehemu tano, nikakutajia moja. Kwa anayeanza kuna njia nyepesi: funksheni irudishe kichwa kipya, na aliyeiita akipokee. Hiyo ungeiandika mwenyewe kwa dakika kumi kama ningekaa kimya.

Nami niseme yangu. Asaimenti ilikuwa inafungwa saa mbili asubuhi, ulikuwa hujalala siku mbili, na ulikuwa unabadilisha msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa kubahatisha: unaongeza nyota hapa, unatoa pale, unaendesha tena. Mtu anayebahatisha kwenye pointa huharibu hata kilichokuwa kizima. Niliona ukizama. Ungekuwa upande wangu wa meza ungefanya nini? Mimi hujiuliza hilo, halafu nakumbuka kwamba kila mwanafunzi namwambia msimbo ulioandikiwa na mwingine haukufundishi kitu.

Basi ukirudi, fanya hivi. Jenga kila programu ya C ukiwa umewasha maonyo na kikagua kumbukumbu: -Wall -Wextra -g -fsanitize=address, kompaila za GCC na Clang zote zinaelewa. Kwa kosa lako lile kingekutajia mstari ulioachilia kumbukumbu na mstari uliojaribu kuitumia baada ya hapo, hata siku ambayo programu inaonekana nzima. Kompaila ikikutupia makosa arobaini, tengeneza la kwanza tu, ujenge tena; mengi ya yanayofuata huzaliwa na lile. Chora nodi kwa penseli, mshale kwa kila pointa, na ufute mshale kila mstari unapoubadilisha. Jaribu orodha tupu, ya nodi moja, kufuta ya kwanza, kufuta ya mwisho, kufuta isiyokuwepo. Hifadhi kwa Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo, kila kipande kinapofanya kazi, ili ukikwama saa saba usiku uwe na mahali pa kurudi.

Usichukue msimbo wa mwenzako hata ukizidiwa. Vyuo hutumia programu kama MOSS, iliyoanza 1994, ambayo hulinganisha muundo wa msimbo, kwa hiyo kubadilisha majina ya vigeu hakukuokoi.

Na hisabati, tafadhali. Ulikuwa unairuka hisabati diskriti, ile ya mantiki na vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, ukisema mtu wa sheria hana habari nayo. Unayo. Kifungu kinachosema haki hupotea isipokuwa mtu awe ametoa taarifa na kulipa, umekisoma mara ngapi? Ukiulizwa ni lini sharti hilo halijatimizwa, hujibu "hakutoa taarifa na hakulipa", unajibu "hakutoa taarifa au hakulipa." Hiyo ni kanuni ya De Morgan, na sharti la lupu yako (sehemu ya programu inayojirudia) iliyokuwa haisimami lilivunjika hapo hapo: ulikanusha "na" ukaacha "na." Kinachokuhitaji jasho ni uthibitisho kwa indaksheni, kwa sababu ndio unaokupa msingi wa kuelewa funksheni inayojiita yenyewe. Onyesha dai ni kweli mwanzoni, kisha kwamba likiwa kweli kwa hatua moja ni kweli kwa inayofuata. Atakayeelewa hapo haogopi mti wala orodha. Na mahesabu ya ukuaji, yaani jinsi kazi inavyoongezeka vitu vikiongezeka, ndiyo yatakayokuonyesha kwa nini upangaji wa kulinganisha kila jozi hudai ulinganishaji karibu bilioni 5 kwa vitu 100,000, ilhali upangaji kwa kuunganisha hudai kama milioni 1.7. Hakuna mashine ya kununua itakayoziba pengo hilo.

Tenga muda kwa ukweli. Mfumo wa krediti wa Ulaya huhesabu krediti 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30. Hizo ni saa 1,500 na zaidi, sawa na kazi ya kutwa. Ukibaki kazini, chukua nusu ya kozi, na ya kwanza kuishika iwe ile ya mnyororo, hata kama ratiba yake ni mbaya.

Kwa maombi ya kusamehewa kozi, nakala ya matokeo peke yake haitoshi. Watataka muhtasari wa kila kozi: mada kwa wiki, saa, vitabu, namna ya kupima, na wa mwaka ule uliosoma, maana muhtasari hubadilika. Vyuo huchelewa kuutoa, kwa hiyo omba sasa. Nakala ya matokeo ya ule muhula uliouacha nayo iombe. Msimbo wa orodha ile, wa kwako wa kabla sijaugusa, ninao bado. Ukiutaka nitakutumia jinsi ulivyo, na kosa lake.