Kaka, nyie Wangoni mna ndugu waliokufa kwa kodi kule Natal

Kaka salama? Huku tupo. Ulivyosema Maji Maji ilikuwa vita ya huku kwetu tu nikaona nikuandikie, maana wakati wazee wenu wananyongwa pale Songea, 27 Februari 1906, kule Natal, koloni la Waingereza huko Afrika Kusini walikotokea mababu zenu, Wazulu nao walikuwa washachoka, na sababu ni kodi.

Kodi ya kichwa hiyo, pauni 1 kwa kila mwanaume wa miaka 18 na kuendelea ambaye halipi kodi ya nyumba, ikaanza kudaiwa Januari 1906. Wazee walikuwa tayari wanatoa shilingi 14 kwa kila nyumba, ukiwa na wake wawili unalipa mara mbili. Sasa wakawageukia vijana ambao hawajaoa, hawana hata kibanda, na ng'ombe walishakufa kwa sotoka halafu ikaja ndigana iliyoletwa na ng'ombe wa kutoka huku pwani yetu. Pauni utaitoa wapi? Uende ukachimbe dhahabu Johannesburg au ukamlimie mzungu, na ndo walichotaka. Hela ya kijana ilikuwa ya kumsaidia baba na kutafuta mahari, leo serikali inajiweka mbele ya baba mzazi, hilo linaniuma kuliko hata pauni yenyewe.

Februari polisi wawili wakauawa karibu na Richmond, wakahukumiwa watu 12 wapigwe risasi. Serikali ya Uingereza kule London ikatuma simu ya kusimamisha, mawaziri wa Natal wakajiuzulu wote, London ikanywea, Aprili 2 wakauawa. Unaona ilivyokuwa rahisi?

Bambatha, chifu wa Wazondi karibu na Greytown, ndo aliyeongoza uasi wa kodi hiyo. Alishavuliwa uchifu, akaingia msitu wa Nkandla kwa chifu mzee Sigananda, mtu wa miaka tisini na kitu huyo. Juni 10 alfajiri kwenye korongo la Mome wanajeshi walikaa juu na mizinga na bunduki za rasharasha, watu wako chini wamezingirwa, hapo vita haikuwepo ni kuchinja tu. Maiti waliyosema ni ya Bambatha wakaikata kichwa ili watu wakitambue, ila ndugu zake walishikilia kwamba alitorokea Msumbiji. Waafrika zaidi ya 3,000 walikufa, wazungu hawakufika hata 40, halafu Dinuzulu, mtoto wa mfalme wa Wazulu Cetshwayo, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 4.

Ukienda Songea likizo niulizie wazee kama habari za Nkandla ziliwahi kufika huko.