Kwa nini unamsikia aliye nyuma ya kona lakini humwoni

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza mbona sauti inakata kona na mwanga haukati. Yote yanategemea urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, ukilinganishwa na uwazi linamopita.

Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa idadi ya mitetemo ya sekunde moja, utapata urefu wa wimbi. Sauti ya mitetemo 400 ina wimbi la sentimita 86. Ile kali ya mitetemo 8,000, sentimita 4 na ushee. Sasa pima mlango: sentimita 80 hivi. Kwa wimbi la kwanza, mlango huo ni kitundu tu, nalo hutokea upande wa pili likitanuka pande zote hadi nyuma ya ukuta. La pili hupita limenyooka, likijipinda kidogo ukingoni.

Mwanga una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukichukua la nanomita 500, mawimbi 2,000 yanaenea ndani ya milimita moja. Mlango kwake ni uwanja mkubwa mno.

Lakini nao hupinda, mwanangu, usikubali kuambiwa haupindi kabisa. Grimaldi, mwanasayansi wa Italia, alilieleza jambo hili katika kitabu kilichotoka 1665. Wewe chukua kalamu ya leza nyekundu, bandika unywele mmoja wima katikati ya tundu lake kwa gundi ya karatasi, kisha mulika ukuta mweupe ulio mita 2 mbele, gizani. Utaona mstari wa vidoa vyekundu umelala kushoto na kulia, na kati yake mapengo meusi yaliyoachana karibu sentimita 2. Unywele ukiwa mnene, mapengo yanasogeleana. Ukiona doa moja tu, unywele umekaa nje ya mwale, usogeze. Leza isimulike jicho la mtu, wala kioo.

Sauti ijaribu nje, kwenye kona ya jengo lisilotazamana na ukuta mwingine. Ndani ya chumba utadanganyika, maana sauti kali hugonga kuta na kukufikia kwa kuakisiwa, nawe ukadhani imepinda. Tumia spika kubwa kiasi, kwani ya simu haitoi vizuri sauti nzito. Na usilinganishe mlio mzito na mkali, kwa sababu sikio haliisikii milio yote kwa nguvu sawa. Sikiliza mlio mmoja ukiwa mbele ya spika, kisha nyuma ya kona, halafu rudia kwa mwingine. Wa mitetemo 8,000 ndio utakaofifia zaidi.

Huko kuakisiwa nako kuna siri ileile ya vipimo, na ndipo ninapopapenda zaidi. Ukuta uliopakwa rangi una vipele vidogo sana. Kwa wimbi la sentimita 86 ni laini kama kioo, hurudisha sauti ikiwa nzima, maneno yakasikika. Kwa mwanga ni milima na mabonde: unatawanyika ovyo, ukuta unang'aa, ila sura ya mtu imepotea. Weka kioo hapo konani, sura ya mtu huyo inarudi.

Mzazi wako